Je, wajua kwa nini shule ya Gando ina paa juu ya paa?

Katika picha za Shule ya Msingi ya Gando, kijiji cha Burkina Faso, jicho huenda kwanza kwenye bati. Halijalala juu ya kuta. Limenyanyuliwa kwa kenchi za vyuma vyembamba, na chini yake kuna dari nzito ya matofali ya udongo. Kati ya bati na dari pamebaki uwazi mkubwa unaoonyesha mbingu upande wa pili. Kwa nini kijiji chenye fedha kidogo kijenge kifuniko kimoja, kisha kiongeze cha pili?

Wengi hujibu kwamba shule ile ina ubaridi kwa sababu imejengwa kwa udongo, na bati ni la kuzuia mvua tu. Jibu hilo limesambaa, nalo linawaponza wajenzi. Mtu huacha tofali la saruji, anafyatua la udongo, anajenga ukuta mnene kwa jasho jingi, halafu anapigilia bati juu yake kama kawaida. Saa saba mchana darasa linachemka vilevile. Lawama inaangukia udongo, na mradi unaofuata unarudi kwenye saruji.

Kosa ni kulitafuta joto ukutani. Katika nchi za joto, jua la adhuhuri liko karibu na utosi: ukuta hulipata kwa mshazari, paa hulipata lote. Bati lililochakaa au lenye rangi iliyokoza hufika nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Likiwa na nyuzi 65, kila mita ya mraba ya uso wake wa chini humwagia vitu vyenye nyuzi 35 mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga, wa wati 200 hivi. Darasa la mita 7 kwa 9 linapokea zaidi ya wati 12,000, sawa na kuning'iniza pasi 12 za umeme juu ya vichwa vya watoto. Ukuta wa udongo, hata uwe mnene namna gani, hausimami kati ya pasi hizo na mtoto.

Kaa karibu na jiko la mkaa, uso ukuunguze, kisha mtu asimamishe sinia kati yako na jiko. Nafuu inakuja papo hapo, ingawa hewa ya jikoni haijabadilika hata kidogo. Dari ya Gando ni sinia hilo. Lakini sinia likikaa muda mrefu nalo hupata moto na kuanza kukuunguza, isipokuwa upepo upite kati yake na jiko. Hiyo ndiyo kazi ya uwazi. Hewa inayoguswa na bati hupata moto, hutoka pembeni, na nyingine huingia mahali pake. Dari yenyewe ni matofali yaliyopangwa bila udongo wa kuungia, juu ya nondo zilizolala kwenye boriti za zege, yakiachiwa matundu. Hewa moto ya darasani hupanda kupitia humo, na ya nje huingia madirishani.

Hapa huelezwa kwamba hewa moto inapanda kama kwenye bomba la moshi. Ni kweli, ila nguvu yake isikuzwe. Mkondo wenye kimo cha mita 1 na tofauti ya nyuzi 10 huzaa mgandamizo wa paskali 0.4 tu hivi. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao hautikisi hata tawi, una uwezo wa paskali 2.4. Kwa hesabu hiyo, siku nyingi kazi kubwa yaelekea kufanywa na upepo, na bomba la moshi linasaidia hewa inapotulia. Ukitaka bomba litende, liongezee kimo. Ndivyo ilivyofanyika kwenye kampasi ya teknolojia ya habari ya Startup Lions, kandokando ya Ziwa Turkana, Kenya, iliyokamilika 2021: minara mirefu ya kutolea hewa, kwa mfano wa vichuguu vya mchwa.

Majengo yote mawili ni ya msanifu majengo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022. La Gando alilibuni akiwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin. Mwaka 1998 alianzisha shirika dogo lisilo la faida, Schulbausteine für Gando, kuchangisha fedha, na mwaka 2001 shule ikasimama. Kwake yalikuwa mafunzo ya usanifu kwa kuihudumia jamii yake mwenyewe, na wanakijiji nao walijifunza ufundi.

Ufundi huo uliamua hata umbo la kenchi. Mihimili mikubwa ya chuma huhitaji winchi. Nondo za kawaida hubebwa begani, hukatwa kwa msumeno wa mkono na kuunganishwa kwa mashine ndogo ya kuchomelea.

Tofali nalo lina masharti. Jaza udongo theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha siku nzima: mchanga utatulia chini, udongo wa mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka, ukipungua, litamomonyoka. Saruji inayochanganywa na udongo huwa asilimia 5 hadi 10. Finyanga donge la mchanganyiko, liangushe kutoka usawa wa bega. Likivunjika vipande vichache, maji yanatosha; likitawanyika, mchanganyiko ni mkavu; likibonyea tu, maji yamezidi. Changanya kinachofyatuliwa ndani ya saa moja, kisha weka matofali kivulini yakiwa na unyevu siku 7 au zaidi. Kuyaanika juani siku ya kwanza ndiyo njia ya haraka ya kuyaharibu.

Wanaoiga paa hili huteleza mahali pawili. Kwanza, bati lililonyanyuliwa hushikwa na upepo kama tanga, kwa hiyo miguu ya kenchi lazima ifungwe na nondo za boriti ya zege iliyozunguka kuta. Misumari kwenye tofali haitoshi. Pili, popo na ndege wakianza kuingia, fundi hupigilia mbao kuzunguka uwazi wote. Kuanzia hapo hewa moto haina pa kutokea na dari inageuka kikaango. Kinachofaa ni wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 1 hivi, unaosuguliwa vumbi kila kiangazi ili hewa iendelee kupita.