Elimu kwa Umma: root Si Mtu, Kila Amri kwenye Seva Iwe na Mwenyewe

Oktoba ni mwezi wa kampeni ya usalama mtandaoni, na kwa kitengo chetu ndio mwezi wa simu nyingi kutoka halmashauri, shule na vituo vya afya vinavyoendesha mifumo yao kwenye seva za Linux. Wengi wanaopiga ni maafisa TEHAMA wanaojituma, waliokabidhiwa seva na nywila yake bila maelezo mengine yoyote. Makala haya ni kwa ajili yao na wakuu wao wa vitengo. Sitafundisha `cd` wala `ls`, hizo nachukulia kila mmoja anazo.

Malalamiko yenyewe yanafanana. Faili zimefutwa au mipangilio imebadilishwa, na hakuna anayejua ni nani aliyefanya. Tukifungua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, tunakuta jina moja tu, root, akaunti kuu yenye mamlaka yote. Kumbe watu watatu wanne wanatumia nywila moja, na nywila hiyo iko kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Uchunguzi unakwama hapo hapo, maana root ni akaunti. Haiwezi kuitwa ikatoa maelezo.

Utaratibu sahihi ni kila msimamizi kuwa na akaunti yenye jina lake, na amri zinazohitaji mamlaka ya root azipitishe kwa programu ya `sudo`. Programu hii si ngeni. Iliandikwa mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, Buffalo. Kila unapoitumia, inaandika ni nani, saa ngapi, akiwa kwenye saraka ipi na ametoa amri gani. Kumbukumbu hizo zipo `/var/log/auth.log` kwa Linux ya Ubuntu, `/var/log/secure` kwa Linux za familia ya Red Hat, au zisome kwa `journalctl`. Ila ukiandika `sudo su -` asubuhi ukashinda humo hadi jioni, kinachobaki kwenye logi ya sudo ni mstari mmoja wa kuingia. Ulichofanya kutwa nzima hakimo.

Kumwingiza mtu kwenye kundi la wasimamizi ni `sudo usermod -aG sudo juma` (kwa Red Hat kundi linaitwa wheel). Herufi `a` usiisahau hata siku moja. Ukiandika `sudo usermod -G docker juma`, Juma anaingizwa kundi la docker na papo hapo anatolewa kwenye makundi yake mengine yote ya ziada, likiwemo la sudo. Akiingia tena anakuta hana mamlaka, wala ya kujirudisha hana. Kama alikuwa msimamizi pekee, mnatafuta nywila ya root ambayo hakuna anayeikumbuka. Baada ya kila badiliko hakiki kwa `id juma`.

Mtumishi anapohama au kustaafu, ofisi nyingi huandika `usermod -L` na kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Amri hiyo inafunga nywila tu, na mtu mwenye ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) bado anaweza kuingia akiwa nyumbani kwake. Andika `sudo usermod -L -e 1 juma`, ambayo inaifanya akaunti nzima iwe imekwisha muda. Kisha tazama kwa `who` kama bado yumo, maana kufunga akaunti hakumtoi aliyekwisha kuingia. Kabla ya yote hayo, soma `sudo crontab -l -u juma`, yaani orodha ya kazi zake zinazojiendesha kwa ratiba, kwani mara nyingi bekapu za usiku zinaendeshwa kwa jina lake na zitakoma kimyakimya. Na kwenye crontab, kuwa mwangalifu: `-e` ni kuhariri na `-r` ni kufuta yote bila kuulizwa, na herufi hizo mbili zinakaa jirani kwenye kibodi. Weka nakala kwanza: `crontab -l > cron-nakala.txt`.

Sasa niseme kuhusu `chmod 777`, amri inayompa kila mtu ruhusa zote za faili, jambo ambalo kwa kweli linatuchosha. Mfumo umekataa kuandika faili, fundi anatafuta mtandaoni, anabandika `chmod -R 777` kwenye saraka nzima, mfumo unafanya kazi, anafunga kompyuta. Huko ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama. Saba ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha, saba ya kwanza ni ya mmiliki, ya pili ni ya kundi lake, na ya tatu ni ya mtu yeyote mwenye akaunti humo, pamoja na programu yoyote iliyodukuliwa. Aghalabu tatizo ni umiliki wa faili. Andika `namei -l` ikifuatiwa na njia kamili ya faili. Itakuonyesha mmiliki na ruhusa za kila saraka kuanzia juu, na utaona pale palipokwama. Rekebisha mmiliki kwa `chown`, kisha faili zipe 640 na saraka 750. Mifumo mingi haihitaji zaidi ya hapo. Tafadhali, tusiletewe tena seva ya taarifa za wagonjwa ikiwa 777.

Upande wa sheria kuna dhana potofu moja: kwamba mwenye nywila hawezi kushtakiwa. Kuwa na nywila si kuwa na idhini. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya thamani ya manufaa yaliyopatikana, kwa kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu cha 7, kinachogusa kufuta, kuharibu au kubadili data, kinaanzia shilingi milioni 10 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Vilevile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde. Kwa shauri mahususi, muone mwanasheria wa taasisi yako. Maelezo haya ni ya jumla.

Si kila madhara yana mhalifu. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta saraka ya kanzidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Alikatiza amri baada ya sekunde moja au mbili, na katika gigabaiti kama 300 zilibaki 4.5. Bekapu walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi, wakaokolewa na nakala iliyokuwa na umri wa saa sita. Kwa hiyo kabla ya `rm` yoyote andika `hostname` uone jina la seva, kisha `pwd` uone saraka uliyomo, usome majibu. Na bekapu ambayo hujawahi kuijaribu kwa kuirejesha usiihesabu.

Ukihisi mfumo umeingiliwa, usiwashe seva upya, maana michakato iliyokuwa inaendelea itapotea. Hifadhi kwanza majibu ya `ps aux` (michakato), `sudo ss -tunap` (miunganisho ya mtandao) na `last -F` (walioingia) kwenye faili, nakili logi, uzipige `sha256sum` ili ionekane kama zimebadilishwa baadaye, na uweke vyote nje ya seva hiyo. Ongeza na majibu ya `timedatectl`, yanayoonyesha saa ya seva. Mlalamikaji atasema tukio lilikuwa saa mbili usiku, lakini kwenye seva iliyoachwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, tukio hilo limeandikwa 17:00, na tumeshaona maelezo ya mashahidi yakitiliwa shaka kwa tofauti hiyo tu. Kwa seva mpya, weka `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam` siku ya kwanza. Kwa seva ambayo tayari ina tukio, acha saa ilivyo, andika tofauti kwenye barua ya maombi ya msaada, na orodhesha humo kila mwenye akaunti kwa jina na cheo.