Kurushiana: infraredi na Bluetooth kwenye simu za mwanzo

“Nirushie huo wimbo.” Aliyekuwa na simu miaka ya 2004 hadi 2010 hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Kurusha lilikuwa neno la mawe na mipira, tukalipa kazi mpya, na likaiweza: kitu kilitoka simu hii kikaingia simu ile bila waya, bila mtandao wa simu, bila kukatwa hata senti ya salio. Ila kilichorushwa hasa ni nini? Njia zilikuwa mbili, na kwa asili hazifanani. Moja ilirusha mwanga, nyingine mawimbi ya redio. Vituko vyote tulivyovifanya na zile simu vinatokana na tofauti hiyo.

Infraredi ni mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, uleule wa rimoti ya televisheni. Ukitaka kuushuhudia, elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu yako kisha bonyeza kitufe. Kwa simu nyingi utaona kitaa kinamemeteka kwa rangi ya zambarau, na ukiitazama rimoti yenyewe huoni kitu. Simu kama Nokia 6110 ya mwishoni mwa miaka ya 90 ilikuwa na kidirisha kidogo cheusi chenye kung'aa, na nyuma yake kulikuwa na kitaa cha namna hiyo pamoja na jicho la kupokea. Namba ya simu, picha au mlio uligeuzwa kuwa kuwaka na kuzima kwa kasi kubwa, na simu ya pili ikausoma.

Mwanga haupiti ukutani wala haukunji kona. Utaratibu uliowekwa na IrDA, chama cha makampuni kilichoundwa mwaka 1993, ulikusudia umbali wa mita moja tu, na vifaa vitazamane karibu uso kwa uso. Kwa simu, umbali salama ulikuwa shubiri moja. Nakumbuka mimi na binamu yangu tumelaza simu mbili juu ya meza ya chakula, vidirisha vinatazamana, kila mmoja ameondoa viwiko asije akaitikisa meza. Mama anakuja na bakuli la mchuzi, sote tunamwomba kwa pamoja: “Mama, subiri kidogo, usipitishe mkono hapo!” Mkono wake ungekata mwanga, na tungelazimika kuanza upya. Nje juani ilikuwa shida zaidi, kwa sababu jua lenyewe linamwaga infraredi na kulichanganya lile jicho la kupokea.

Halafu kasi. Infraredi ya kawaida kwenye simu ilifika biti 115,200 kwa sekunde, biti ikiwa chembe ndogo kabisa ya data. Wimbo wa MB 3 ulihitaji zaidi ya dakika nne, tena kama hakuna aliyegusa meza. Kwa jina na namba ya mtu ilitosha kabisa, na kwa kweli hiyo ndiyo kazi iliyoifaa zaidi.

Bluetooth ilianzia kwa wahandisi wa Ericsson huko Lund, Sweden, mwaka 1994. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaungana kuisimamia kwa pamoja. Jina ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa Jino la Bluu, na ile alama yake ni herufi mbili za kale za majina yake zilizoshonwa pamoja. Nokia 6310 ya mwaka 2001 ilikuwa miongoni mwa simu za mwanzo kuwa nayo. Baadaye zikaja 6600 na 6230, zenye infraredi na Bluetooth kwa pamoja.

Hii ni redio ndogo, yenye nguvu ya kufika kama mita 10. Hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na ya oveni ya maikrowevu, kwa hiyo hewa imejaa kelele. Dawa yake ni kutotulia: masafa yamegawanywa mikondo 79, na simu zinazozungumza huruka pamoja kutoka mkondo hadi mkondo mara 1,600 kwa sekunde. Simu iliyoanzisha mazungumzo ndiyo inayoongoza mpangilio, nyingine zinaufuata kama waitikiaji wanavyomfuata mwimbishaji. Ndiyo maana ungeweza kuanzisha kurusha, ukatia simu mfukoni, na wimbo ukaendelea kuingia kwa jirani yako kwenye daladala.

Redio haichagui anayeisikia, na hapo ndipo maneno mawili yanapochanganywa sana. Kuonekana ni simu yako kuwajibu wanaotafuta: nipo, jina langu ni hili. Kuoanisha ni jambo zito zaidi. Kwenye simu zile, pande zote mbili ziliandika namba moja ya siri mliyokubaliana, simu zikaitumia kutengeneza ufunguo wa siri wa simu hizo mbili tu, kisha kila moja ikauhifadhi. Kesho zikikutana zilitambuana hata kama kuonekana kumezimwa. Vifaa vya masikioni havina vitufe vya kuandikia, ndiyo maana kiwandani vilipewa namba kama 0000.

Wengi tuliacha kuonekana kukiwa wazi mchana kutwa. Mwaka 2004 kikatokea kirusi kiitwacho Cabir, kilichozishambulia simu za aina ya Nokia 6600. Kilitafuta simu inayoonekana na kuirushia faili la caribe.sis. Mwenye simu aliulizwa kama apokee. Aliyekataa aliulizwa tena na tena hadi achoke, na akikubali kuliweka, simu yake nayo ilianza kuwinda wengine huku betri ikiisha. Agosti 2005 kilisambaa miongoni mwa watazamaji uwanjani Helsinki, kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Aliyezima kuonekana, kirusi kilimpita kama hayupo.

Kazi nyingine ambayo haikujulikana kwa wengi ni simu kuwa modemu, yaani kifaa cha kuiingiza kompyuta kwenye intaneti. Uliiunganisha na kompyuta kwa Bluetooth au infraredi, kompyuta ikapiga *99#, na intaneti ya GPRS, yaani huduma ya data ya mitandao ya simu ya wakati ule, ikapita kwenye simu hadi kwenye meza yako. Hapo salio lilikatwa, wengine wakailaumu Bluetooth. Bluetooth haikuchukua kitu. Ilibeba data hatua zile chache kati ya kompyuta na simu, na kuanzia kwenye simu hadi kwenye mnara ulikuwa unatumia mtandao wa kampuni, kwa bei yake.