Harmoniki: kwa nini "ta" ya ilimba haikubaliani na kinanda

Ilimba, chombo cha njiti za chuma cha Wagogo wa Dodoma, ina noti iitwayo ta, ambayo ikipigwa pamoja na kinanda husikika kama imekosewa. Sababu iko kwenye harmoniki. Noti moja ya uzi au ya koo si sauti moja. Ndani yake mna sauti nyingine nyembamba zilizopangana juu ya ile ya msingi, na kila moja ya hizo huitwa harmoniki. Uzi wa tano wa gitaa, ule wa A, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Unapotetemeka mzima, wakati huohuo unatetemeka pia kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea. Nusu inatoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 220, theluthi 330, robo 440. Kwa hiyo kupata harmoniki yoyote unazidisha tu: ya tano ni 110 mara 5, yaani 550, ya saba ni 770.

Hesabu huanzia kwenye noti ya msingi yenyewe, ambayo ndiyo ya kwanza. Anayeanza kuhesabu baada yake atakuwa nyuma kwa namba moja, na hapo ndipo mafundi wawili wanapobishana studio wakati wote wanazungumzia sauti ileile.

Kuzisikia hakuhitaji chombo cha gharama. Gusa uzi huo wa tano kwa ncha ya kidole, bila kukandamiza, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12. Piga, kisha ondoa kidole papo hapo. Hiyo ni ya pili. Freti ya 7 inatoa ya tatu, ya 5 inatoa ya nne. Ya saba haina freti: kwenye gitaa lenye uzi wa sentimita 65, ipo sentimita 9.3 kutoka pale uzi unapoanzia upande wa vichwa vya kukazia, yaani kati ya freti ya pili na ya tatu, karibu zaidi na ya tatu. Ni dhaifu, kwa hiyo piga karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wake. Ikigoma, ama kidole kimebaki juu ya uzi, ama nyuzi zimechakaa.

Sasa ziandike kwa solfa, do ikiwa A. Harmoniki ya 4 ni do, ya 5 ni mi, ya 6 ni sol, ya 7 ni ta (ti iliyoshushwa), ya 8 ni do ya juu, ya 9 re, ya 10 mi. Chukua kuanzia ya 6 hadi ya 10: sol, ta, do, re, mi. Mtu aliyekulia Chamwino au Mpwapwa akiimbiwa noti hizo tano kwa mfuatano huo atajua mara moja yuko wapi, maana ndiyo skeli ya muziki wa Cigogo, ile ya ilimba, zeze na nyimbo za sauti nyingi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka mbali kwa ilimba, zeze na koo lake.

Tatizo linaanza kinanda kinapoingia. Kinanda kimegawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu, katika nusu toni 12 zilizo sawa, na kila nusu toni huhesabiwa kuwa senti 100. Harmoniki hazifuati mgawanyo huo. Sol ya asili imezidi ya kinanda kwa senti 2 na re kwa senti 4, hakuna atakayelalamika. Mi iko chini kwa senti 14, na mwanakwaya mwenye sikio zuri huisikia. Ta ndiyo yenye kesi: iko chini kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Kwa hezi, harmoniki ya saba ya A ni 770, wakati noti ya kinanda iliyo jirani, G, ni 784. Zipige pamoja usikie mtikisiko wa mara 14 kwa sekunde. Huo ndio ukwaruzo ambao watu huusema kwa kifupi, "ilimba imetoka nje."

Haijatoka. Hizo ni skeli mbili zenye haki sawa, na ya ilimba ndiyo iliyo karibu na mtetemo wenyewe. Bila shaka ilimba hulinganishwa kwa sikio, si kwa kipimo, hivyo chombo kimoja na kingine hutofautiana kidogo. Lakini ta iliyo chini ya ile ya kinanda si kosa la fundi.

Kosa hufanyika pale mtu anapoleta programu ya simu ya kulinganishia gitaa. Kwenye ta mshale unalala kushoto, naye anasukuma njiti ya chuma ndani ili sehemu inayocheza ifupike na sauti ipande. Inahitaji kidogo sana: njiti inayocheza kwa urefu wa sentimita 5 ikifupishwa kwa nusu milimita tu, zile senti 31 zimekwisha. Mshale unakaa katikati, programu inaonyesha kijani, na ilimba imeharibika. Ukitaka kuirudisha, vuta njiti nje kidogo kidogo huku ukisikiliza ta pamoja na do ya chini ikiwa imeshikiliwa na zeze au sauti ya mtu. Mtikisiko ukipungua hadi ukatulia, acha. Usitegemee njiti nyingine ya ilimba ikupe harmoniki hizo. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakitetemeki kama uzi: sauti yake ya pili iko zaidi ya mara 6 juu ya msingi, nje kabisa ya mpangilio huu. Kipimo kinatoka kwenye uzi na koo.

Jambo hili linagusa pia upangaji wa sauti. Katika nyimbo nyingi za Cigogo sauti ya pili haichukui noti jirani, inaruka moja. Sol inapata do, ta inapata re, do inapata mi, re inapata sol ya juu, na mi inapata ta ya juu. Mwalimu wa kwaya aliyezoea vitabu vya solfa huishtukia hiyo ya mwisho, kwa sababu kwenye kinanda mi na ta zikilia pamoja husikika kama zinagombana. Zikiimbwa kwa harmoniki zina uwiano wa 5 kwa 7, nyembamba kuliko za kinanda kwa senti 17, na zinatulia. Wanakwaya wakiimba bila chombo huziangukia wenyewe; kinanda kikianza kuwasindikiza ndipo wanapoyumba, na lawama huwaangukia waimbaji.

Kama ni lazima kinanda kiwepo, tafuta kwenye menyu sehemu ya kubadili senti za kila noti. Vinanda vingi vinavyotengenezwa kwa ajili ya midundo ya Kiarabu vinayo. Acha do ilivyo, weka mi pungufu 14, ta pungufu 31, sol zaidi 2, re zaidi 4. Vipimo hivi vimefungwa kwenye kii moja, yaani noti moja iliyofanywa do. Wimbo ukihamishwa kutoka A kwenda G, vyote vinapangwa upya, la sivyo unashusha noti zisizohusika. Kinanda kisicho na menyu hiyo kiruke ta kabisa, akorde zake (noti anazozipiga pamoja mpiga kinanda) zibaki na do, mi na sol, na ilimba iachiwe ta yake. Studio nako, programu ya kunyoosha sauti izimwe kwenye sauti ya mwimbaji wa Cigogo, kwa kuwa ikiachwa kwenye skeli ya noti 12 itaivuta kila ta hadi kwenye ta ya kinanda bila kumuuliza mtu.