Brexit haikuangusha bei za nyumba. Iliangusha nini?

Mwezi mmoja kabla ya kura ya maoni ya Juni 23, 2016 kuhusu Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Wizara ya Fedha ya Uingereza ilitoa onyo zito. Nchi ikijitoa, ndani ya miaka miwili watu 500,000 hadi 820,000 zaidi watakosa ajira, na nyumba zitakuwa na bei ya chini kwa asilimia 10 hadi 18 kuliko kama nchi ingebaki. Asilimia 51.9 ya wapiga kura wakachagua kujitoa. Kufikia 2019 ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.8, na bei za nyumba kwa jumla zimepanda.

Ndiyo maana wengi husema wachumi walitishia watu bure. Kazi yangu ni kufuatilia masoko haya mawili, la nyumba na la ajira, na sikubali. Hasara ilikuwepo, ila ilipita mlango mwingine.

Mlango wa kwanza ulikuwa pauni. Usiku wa kura, kabla matokeo hayajaanza kutoka, pauni moja ilifika dola 1.50. Wiki mbili baadaye ilikuwa karibu 1.30. Chukua nyumba ya London ya pauni 500,000: mwenye dola, au mwenye riali ya Oman ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola, angeinunua kwa dola 750,000, na ghafla akaipata kwa 650,000, bila dalali kubadilisha tarakimu hata moja kwenye tangazo lake. Aliyekuwa akituma pauni Mombasa naye alizoea kupata karibu shilingi 150 kwa kila pauni, sasa akapata kama 130. Mshahara wake haukuguswa, lakini nyumbani ilifika pesa pungufu. Na kwa kuwa Uingereza huagiza chakula kingi kutoka nje, bei za madukani zikapanda pia.

Nyumba zenyewe zilikingwa na mambo mawili. Agosti 2016 Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25, mikopo ya nyumba ikabaki nafuu. Halafu mwenye nyumba akiingiwa na wasiwasi, mara nyingi hauzi kwa hasara. Hutulia na kusubiri. Kwa hiyo kinachopungua kwanza ni mauzo, bei hufuata baadaye kama itafuata. London ndiyo iliyoonyesha udhaifu, bei zikilegea mwaka 2018 na 2019.

Kwenye ajira, ninavyoona mimi, mwajiri asiyejua kesho itakuwaje haagizi mashine mpya ya mamilioni. Huongeza watu, kwa sababu mtu anaweza kupunguzwa. Takwimu za ajira zikapendeza huku uwekezaji wa makampuni ukidumaa, na bila uwekezaji tija, yaani kiasi anachozalisha mfanyakazi kwa kila saa, haikui, wala mishahara. Ofisi inayokagua bajeti ya serikali, OBR, inakadiria kwamba hatimaye tija itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama nchi ingebaki. Hasara ya namna hii haina siku ya kutangazwa kwenye habari, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Zipo kazi zilizohama waziwazi: Shirika la Dawa la Ulaya, lenye wafanyakazi wapatao 900, lilitoka London kwenda Amsterdam. Lakini badiliko kubwa ni nani anayefanya kazi. Januari 2021 uhuru wa raia wa Umoja wa Ulaya kuingia na kufanya kazi bila viza ulikwisha. Mwaka huohuo madereva wa malori wakaadimika hadi magari yakapanga foleni kwenye vituo vya mafuta. Kenya ikatia saini na Uingereza makubaliano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko Julai 2021, na Februari 2022 viza zikafunguliwa kwa walezi wa wazee kutoka nje.

Anayepanga kwenda sasa ajue hili: tangu Julai 22, 2025, mlango wa viza ya ulezi umefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Wakala anayekuomba pesa leo akiahidi viza hiyo, usimpe.