Usnea: kausha kwanza, asetoni baadaye

Zile nyuzi za kijani kijivu zinazoning'inia mitini kwenye msitu wa juu wa Kilimanjaro nyingi ni Usnea, likeni (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja) yenye asidi usniki. Ni kemikali ya njano inayozuia bakteria kama Staphylococcus aureus. Wakitaka kuitoa kwenye likeni, wengi huumiza kichwa kuchagua kimumunyisho, yaani kioevu cha kuiyeyushia kama asetoni, ilhali sampuli huwa imeshaharibika siku ilipookotwa.

Kwanza hakikisha ndiyo yenyewe. Vuta kijitawi kibichi taratibu: ganda likikatika na katikati ukabaki uzi mweupe unaovutika kama mpira, ni Usnea. Ramalina, likeni nyingine inayofanana nayo, haina uzi huo. Okota kwenye matawi yaliyoangushwa na upepo, maana likeni hukua polepole mno (na ndani ya hifadhi usiguse kitu bila kibali). Tia kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya plastiki hutoka jasho, kisha ukungu.

Safisha kwa kibano ikiwa kavu. Usiache gome hata kidogo, kwani tanini zake (kemikali za rangi ya kahawia) huyeyuka kwenye asetoni na kuigeuza kahawia.

Sasa ukaushaji. Tandaza kivulini, halafu oveni isiyozidi 40 °C, mpaka uzito usibadilike ukipima mara mbili. Hapa sina mzaha, na sababu ni hii: asidi usniki imekaa kama fuwele nje ya nyuzi za kuvu, kwenye ganda. Likeni ikiwa kavu, asetoni safi huzisuuza fuwele hizo bila kuingia kwenye seli za mwani. Ikiwa na unyevu, mchanganyiko wa maji na asetoni hupenya seli na kutoa klorofili. Myeyuko ukiwa wa kijani badala ya njano, rudi kwenye ukaushaji.

Kwa sababu hiyohiyo siisagi Usnea. Kusaga hupasua mwani, na ule uzi hujisokota kwenye visu vya mashine. Mkasi unatosha, vipande vya sentimita 1. Ukitafuta asidi salazini, kemikali nyingine ya likeni iliyo ndani zaidi na ngumu kuyeyuka, hapo twanga.

Gramu 10 kwa mililita 100 za asetoni, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, dakika 30. Rudia mara tatu kwa asetoni mpya, changanya, chuja, kisha vukiza kwenye kabati la kufyonza mvuke. Mvuke wa asetoni hushika moto hata kwenye −20 °C, kwa hiyo jiko lenye mwali lisiwe chumba kimoja nayo.

Mabaki yasuuze kwa ethanoli baridi. Uchafu mwingi huondoka, fuwele za njano hubaki. Gramu 10 za Usnea yenye asidi usniki asilimia 1 hadi 3 haziwezi kukupa zaidi ya miligramu 100 hadi 300. Usijaribu kuimeza: mwaka 2001 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu bidhaa ya kupunguza uzito yenye kemikali hii, baada ya watumiaji kuumia ini.

Pima joto la kuyeyuka. Fuwele safi huyeyuka karibu na 203 °C; zikianza chini sana ya hapo, suuza tena.