Herufi Iliyozaliwa Baada ya Barua

Shangazi yangu yuko Tanga, mimi niko Dar es Salaam, na kati yetu kuna WhatsApp. Jumatatu iliyopita, kabla sijamaliza chai, akanitumia picha ya "Taarifa kwa Umma": nembo juu, muhuri wa bluu chini, sahihi ya mkubwa fulani, na katikati habari ya kutisha kuhusu fedha za wastaafu. Chini yake akaandika: "Baba, leo hujaniamkia, hayo tutayaongea. Hebu niangalizie hii, ni ya kweli?"

Nikamwamkia, kisha nikaikuza picha. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu na kubuni majalada, kwa hiyo nina ugonjwa wa kutazama herufi kabla ya kusoma maneno. Habari yenyewe sikuisoma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tarehe. Tarakimu za mwaka zilikuwa nyembamba kidogo kuliko tarakimu za kumbukumbu namba iliyo juu yake, tena zilielea juu ya mstari kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti. Kilichobaki chote kilikaa sawa. Barua ilikuwa ya kweli, ila ya miaka iliyopita. Mgeni pale alikuwa tarehe. Mtu alifuta ya zamani akachomeka mpya kwa fonti, yaani mtindo wa herufi, inayofananafanana.

Chuoni hawakunifundisha hili. Nililipata kwenye riwaya pendwa, zile hadithi za bei nafuu za mapenzi na upelelezi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na boksi la sabuni lililojaa vitabu visivyo na jalada, kurasa zimegeuka rangi ya chai ya rangi. Kaka zangu waligombania Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wanaume wa bastola na ndege. Mimi nilibaki na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Gamba hufukuza watu. Bwana Msa huvuta kiko chake na kukiangalia kile ambacho kila mtu amekwisha kukiangalia. Walimu wetu walisema vitabu hivi vinaharibu akili. Labda. Yangu iliharibika upande wa kutoamini kitu mpaka nione kimekaaje.

Zamani za taipureta, wapelelezi wa vitabuni walikuwa na kidokezo kimoja kizuri sana: barua ya vitisho ambayo herufi yake e ina mkia uliokatika. Ukiipata mashine yenye e ya namna hiyo, umempata mwenyewe. Na haukuwa uongo wa waandishi. Taipureta ni chuma. Chuma hugongwa, hupinda, hulika, na kila mashine huishia kuwa na mwandiko wake.

Jambo jingine ni nafasi. Taipureta za kawaida humpa kila herufi chumba cha upana uleule. Andika "kiini", na chini yake andika "mamba". Maneno yote yana herufi tano, na kwenye taipureta yatakwisha sehemu moja. Kwenye kompyuta mamba atajitanua na kiini kitajibana, kwa sababu i hupewa nafasi ya i, na m nafasi ya m. Shika hapo, maana kuna watu kazi zao ziliponea au kuzama kwenye tofauti hiyo.

Septemba 2004, ikiwa imebaki miezi miwili kabla ya uchaguzi wa Marekani, televisheni ya CBS ilionyesha nyaraka zilizodaiwa kuandikwa mwaka 1972 na 1973, zikimsema vibaya George W. Bush, rais aliyekuwa akigombea tena, kuhusu utumishi wake katika kikosi cha anga cha ulinzi wa taifa cha Texas. Watu wenye ugonjwa kama wangu wakaanza kukuza picha. Herufi hazikuwa na vyumba sawa. Kulikuwa na "th" ndogo iliyopanda juu baada ya namba. Mtu akifungua Word, programu ya Microsoft ya kuandikia kwenye kompyuta, akaandika maneno yaleyale bila kugusa mpangilio wowote, mistari ilikatika palepale na herufi zikalaliana na za kwenye nyaraka karibu kabisa. Kweli, mwaka 1972 zilikuwapo mashine chache za bei mbaya zilizoweza kugawa nafasi bila usawa, na ubishi ukaendelea kwa upande huo. Lakini swali la kipelelezi si kama jambo linawezekana. Ni kama ofisa wa kikosi angejisumbua hivyo kwa karatasi ya kuweka kwenye faili. Kabla mwezi haujaisha CBS ilisema haiwezi kuthibitisha kwamba nyaraka ni halali, ikaomba radhi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Pakistan, mwaka 2017. Baada ya kuvuja kwa nyaraka za Panama, zilizofichua kampuni za siri za matajiri na wanasiasa, wachunguzi walikuwa wakipekua mali za familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif, zikiwemo nyumba za London. Binti yake Maryam alitoa hati ya udhamini, ya kueleza nani anamshikia nani mali, yenye tarehe ya Februari 2006. Hati ilikuwa imeandikwa kwa Calibri. Hii ni fonti iliyobuniwa na Mholanzi Lucas de Groot kwa ajili ya Microsoft, na ilifika madukani Januari 2007 pamoja na Office 2007, kifurushi cha programu chenye Word ndani yake. Yaani herufi ilizaliwa baada ya barua. Watetezi wakasema Calibri ilikuwapo tayari kwenye matoleo ya majaribio, na ni kweli ilikuwapo. Sasa wewe niambie ni nani anayekwenda kuchukua fonti ya majaribio ili aandikie hati ya mali. Sharif aliondolewa madarakani Julai mwaka huohuo kwa hoja nyingine, si ya fonti, lakini sijui Mpakistani aliyesahau jina Calibri.

Ukitaka kuonja upelelezi huu nyumbani, anza na fonti ambayo Word humpa mtu asiyechagua. Kabla ya 2007 ilikuwa Times New Roman, herufi iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la London la The Times, likaanza kuitumia mwaka 1932. Toka 2007 ikawa Calibri. Toka 2023 ni Aptos. Watu wengi hawabadilishi kitu, kwa hiyo karatasi za ofisini zina umri wake ndani, kama pete za mti. Barua ya Aptos yenye tarehe ya 2015 ina maswali ya kujibu. Na wakubwa nao wamezigeuza herufi hizi kuwa siasa: Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilihamia Calibri mwaka 2023 ili wenye uoni hafifu wasome kwa urahisi, kisha Desemba 2025 waziri mpya akaamuru warudi Times New Roman. Kwa mara ya kwanza ndugu zangu waliniuliza kuhusu kazi yangu bila kuniomba kadi ya harusi.

Hata vitabu vyenyewe vya pendwa hughushiwa, na hapo ndipo ninapojisikia Bwana Msa kamili. Majalada mengi ya zamani yalichapwa kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu tuseme, kwa sababu kila rangi ilidai pleti yake, yaani bamba la kuchapia, na pleti ni hela. Waridi ya shavu la mwanamke aliye jaladani ni nyekundu ileile iliyovunjwa vitone, na weupe wa karatasi ukipita katikati jicho linadanganyika. Sasa mtu akipiga picha jalada hilo na kulichapa upya, mashine yake nayo huvunja picha vitone. Vitone juu ya vitone huzaa mawimbi, kama chandarua mbili zikipishana mbele ya taa. Juzi kijana wa meza ya vitabu pale Kariakoo aliniapia kwamba kitabu ni cha miaka ya sabini, na shavu la yule dada lina mawimbi kama Bahari ya Hindi. Nilikinunua hivyo hivyo. Hadithi ndani ilikuwa ileile.

Lakini jicho lina mwisho wake. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Fonti zangu nyingi ziko mtandaoni. Laptopu ikawa sahani. Yaliyotokea nje siku zile ni mazito kuliko blogu ya mpanga herufi, nayaachia wenye kalamu zake. Ninachoweza kusema ni kuhusu habari. Zilikuja kwa simu ya kawaida: fulani kasikia kwa fulani, jirani kaambiwa na dereva. Shangazi alipiga mara nne kwa siku, na kila mara aliniuliza swali lake lilelile, ni ya kweli? Sikuwa na cha kukuza. Sauti haina fonti.

Sasa imekuja akili mnemba, ambayo haipangi herufi, inazichora. Kwenye fonti, a ya kwanza na a ya kumi ni pacha zisizotofautiana hata unywele. Kwenye picha iliyochorwa na akili mnemba mara nyingi kila a ina kasoro yake, moja tumbo kubwa, nyingine mkia mfupi. Tumerudi kwenye e ya taipureta iliyokatika mkia, ila safari hii haituelekezi kwenye mashine ya mtu yeyote. Na mghushi mwenye akili zake hatachora barua. Ataomba maneno tu, ayaandike kwenye Word kwa Aptos na tarehe ya jana, na mimi na kiko changu tutabaki tunatazamana. Hapo inabidi kufanya kazi ya kuchosha: kwenda kwenye tovuti ya ofisi iliyotajwa, kutafuta kumbukumbu namba, kupiga simu na kusubiri wimbo wa kusubirishwa.

Hiyo ya shangazi haikufika huko. Nilimchorea duara jekundu kwenye tarehe, nikamweleza habari ya tarakimu nyembamba, nikamtafutia na barua halisi ya zamani aione. Alichukua nusu saa kujibu.

"Asante baba, Mungu akuongoze. Nilikuwa nimeshaituma kwenye kundi la kikoba. Sasa nikiwatumia na hiyo yenye duara, si watasema mimi ndiye niliyeichora?"