Kugawa spishi si kugundua ndege mpya

Orodha za ndege duniani zikisasishwa, haichukui muda kabla ya kusoma mahali kwamba "wanasayansi wamegundua aina mpya ya ndege". Ukifika aya ya tatu unakuta ndege huyo ana jina la kisayansi tangu karne ya 19, ngozi zake zimo kwenye makabati ya makumbusho, na wenyeji wa anakoishi wanamfahamu tangu enzi na enzi. Hakuna aliyegundua kitu. Kilichotokea ni kwamba spishi imegawanywa, na kugawa ni jambo jingine kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Kugawa spishi ni uamuzi wa wataalamu kwamba ndege waliokuwa wakihesabiwa kuwa spishi moja ni spishi mbili au zaidi. Mara nyingi wale wanaotengwa walikuwa tayari wanatambuliwa kama nususpishi, yaani kundi la eneo fulani lenye tofauti zake ndani ya spishi moja. Uamuzi wa kinyume, wa kurudisha spishi mbili ziwe moja, huitwa kuunganisha. Ndege wenyewe hawabadiliki hata unyoya mmoja.

Mbuni anatosha kuonyesha jambo hili. Dume wa mbuni wa nyika za Wamasai ana shingo na mapaja ya rangi ya waridi, na yanakolea wekundu majira ya kupandana. Dume wa Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya ana shingo na mapaja ya kijivu yanayoelekea buluu, na majira yakifika buluu hiyo hung'aa. Wa kwanza hupenda mbuga wazi za majani. Wa pili huonekana zaidi kwenye vichaka, akichuma majani ya miti. Tofauti hizi hazikuonekana jana. Mjerumani Anton Reichenow alimpa mbuni wa Somalia jina Struthio molybdophanes mwaka 1883, na neno hilo la pili limetokana na Kigiriki, likimaanisha mwenye mwonekano wa risasi, ile metali ya kijivu. Baadaye aliwekwa chini ya Struthio camelus kama nususpishi, akakaa huko miaka mingi. Mwaka 2014 BirdLife International, shirika linalotathmini ndege kwa ajili ya Orodha Nyekundu ya IUCN, ile inayoonyesha spishi zilivyo hatarini kutoweka, lilimtambua kuwa spishi kamili. Anayeandika kwamba mbuni huyu "aligunduliwa mwaka 2014" anafuta miaka 131 ya maandishi, achilia mbali wafugaji walioishi naye muda wote huo.

Ugunduzi halisi upo, na hauna budi kuheshimiwa kwa kuachiwa neno lake. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmark waliokuwa kambini katika milima ya Udzungwa, Tanzania, waliona ndani ya sufuria miguu ya ndege ambayo hawakuweza kuitambua. Ufuatiliaji wa miguu hiyo ndio uliowafikisha kwa kwale wa Udzungwa, ndege ambaye sayansi haikuwa na habari naye. Jina lake, Xenoperdix udzungwensis, lilichapishwa mwaka 1994, na ikabidi aundiwe jenasi yake mwenyewe, yaani daraja lililo juu ya spishi, linaloonyeshwa na neno la kwanza la jina la kisayansi. Huko ndiko kugundua. Kisha mwaka 2003 kwale wa milima ya Rubeho walielezwa kama nususpishi ya huyohuyo, na mwaka 2005 ikatolewa hoja kwamba wanastahili kuwa spishi inayojitegemea. Hatua hiyo ya 2005 haikumleta ndege yeyote mpya machoni pa mtu. Ilikuwa hoja ya kuwapandisha daraja waliokwisha kujulikana.

Kwa nini wataalamu wabadilishe mawazo? Kwa sababu mpaka wa spishi hauna alama shambani. Mwanabiolojia Ernst Mayr, katika kazi yake ya mwaka 1942, aliufafanua kwa uzazi: spishi ni makundi yanayozaana yenyewe kwa yenyewe, yakiwa yametengana kiuzazi na makundi mengine. Ufafanuzi huo unafanya kazi vizuri pale makundi mawili yanapokutana. Lakini kundi moja likiwa kisiwani na jingine bara, au kila moja kwenye mlima wake, hayapati nafasi ya kujaribiwa, na mtaalamu analazimika kukisia kwa kulinganisha. Wengine hawamfuati Mayr. Wanaangalia nasaba, yaani kama kundi lina ukoo wake linaloweza kutambulika nao, liwe linazaana na jirani au la. Ushahidi uleule ukipimwa kwa vipimo hivi viwili unaweza kutoa idadi mbili tofauti za spishi, bila mtu yeyote kukosea hesabu.

Ndiyo maana kukatolewa pia njia ya pointi, iliyochapishwa mwaka 2010 na ambayo BirdLife waliichukua: rangi za manyoya, vipimo vya mwili, sauti, mwenendo na jinsi maeneo yanavyopakana vinapewa alama, na kundi linalofikisha 7 linatambuliwa kuwa spishi. Vinasaba havimo kwenye alama hizo, jambo ambalo limebishaniwa sana. Mimi naona faida yake ni kwamba msomaji anaweza kufuata hatua zote na kusema wazi ni wapi hakubaliani.

Tena uamuzi huweza kurudi nyuma. Huko Amerika Kaskazini, spishi mbili za ndege wenye rangi ya machungwa na nyeusi, wa Baltimore na wa Bullock, waliunganishwa mwaka 1973 kwa kuwa huzaana maeneo yao yanapokutana katikati ya bara, halafu wakatenganishwa tena mwaka 1995. Mwaka 2024 wataalamu wa huko waliwaunganisha wale ndege wadogo wa kaskazini wenye paji jekundu, jenasi Acanthis, waliokuwa spishi tatu, wakawa moja. Hakuna aliyetangaza kwamba spishi mbili "zimetoweka", na ni sawa. Basi na kinyume chake tukiseme kwa uangalifu uleule.

Kuna mkanganyiko wa pili: kuchukulia kila badiliko la jina kuwa mgawanyo. Furukombe, yule tai mla samaki wa Afrika, alikuwa Haliaeetus vocifer. Sasa orodha zinamwandika Icthyophaga vocifer. Hakugawanywa. Amehamishwa jenasi, basi. Mwenye macho ataona pia kwamba jina la Daudin, mtaalamu aliyempa jina la kisayansi mwaka 1800, huwekwa kwenye mabano, (Daudin, 1800), kwa sababu yeye alimweka kwenye jenasi nyingine, Falco. Mabano hayo yana kazi, si mapambo.

Mgawanyo nao hauhitaji kila mara jina jipya. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo alihesabiwa muda mrefu kuwa spishi moja duniani, Tyto alba. Alipogawanywa, kanuni iliamua nani abaki na jina: alba lilitolewa na mtaalamu Scopoli mwaka 1769 kwa bundi wa Italia, kwa hiyo likabaki kwa wale wa Ulaya na Afrika. Wa Amerika wakachukua furcata, la mwaka 1827, na wa Asia na Australia wakachukua javanica, la mwaka 1788. Yote mawili yalikuwepo tayari.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya makaratasi. Hapana. Mbuni wa Somalia alipohesabiwa pamoja na wenzake, kupungua kwake kulifichwa na wingi wa wale wa kwingine. Tangu atathminiwe peke yake, Orodha Nyekundu inamweka kati ya walio hatarini, huku mbuni wa kawaida hayumo katika kundi hilo.

Hata idadi isomwe kwa jicho hilo. AviList, orodha iliyotolewa mwaka 2025 ili kupatanisha orodha kubwa zilizotofautiana, ilikuwa na spishi 11,131 katika toleo hilo. Idadi hiyo ikiongezeka katika toleo jingine, huenda hakuna ndege mpya aliyeonekana popote. Kwa hiyo ukitaja idadi, taja orodha na mwaka wake. Na ukiandika juu ya mgawanyo, sema nani ameamua, lini, na ndege alijulikana tangu lini. Kwa mfano: "Mbuni wa Somalia, aliyepewa jina na Reichenow mwaka 1883, alitambuliwa na BirdLife International kuwa spishi kamili mwaka 2014."